Mkanda wa Wiki ya Mwanabaraka

...mpya, amesema mpya, Nikodemu fundi huyu huyu aliyemtengenezea marehemu mume wake gari miaka yote, ameinama juu ya injini, kifuniko cha plastiki mkononi, "Mkanda huu mpya, Bi Farida, hata maandishi yake hayajafutika," na Farida anauona, mweusi, meno yote yapo, ila kichwa kinakataa, maana amekuja mpaka gereji jua la saa sita na maneno yake tayari, ameyapanga tangu nyumbani, kwamba yule mke mwenza, Mwanabaraka, amemfanyia ujanja, amezima ile taa nyekundu ya kwenye dashibodi ili amrudishie gari bovu kimyakimya, na kwa hasira hiyo hata salamu ya fundi hakuiitikia vizuri, alimwamuru tu afungue aone kwa macho yake, naye Nikodemu akawa anafungua taratibu kama hataki, kumbe... "Nimeufunga mie, Jumanne," anasema, na Jumanne ilikuwa wiki ya Mwanabaraka, ndivyo walivyogawa wazee wa ukoo Mfaume alipofariki na eda ikaisha, gari moja wajane wawili, wiki Temeke kwa bi mkubwa, wiki Kunduchi kwa bi mdogo, linakabidhiwa Ijumaa, na kitakachoharibika mkononi mwa mtu akitengeneze mwenyewe, wazee wakaridhika na hekima yao, wakala pilau wakaenda zao, hakuna aliyeuliza kinachochakaa polepole kwa wote wawili kitakuwa cha nani. Taa iliwaka kwake, kwa Farida, pale Tandika sokoni, akaja hapa hapa, akasimama hapa hapa, Nikodemu akamwambia huo ni mkanda wa taimingi, kilomita laki moja zimetimia, usingoje dalili, mama, mkanda huu haulii wala hautoi moshi, unakatika tu, injini inajigonga yenyewe ndani, gari linazima lilipo, breki inakuwa ngumu, "na nyuma yako kuna lori, sasa hapo omba Mungu," naye akajibu nitakuja kesho, na kesho yake akajikuta anaosha vyombo vilivyokwisha kuoshwa, na Ijumaa akakabidhi ufunguo. Mwanabaraka aliwasha, akaiona, si angeiona tu, ana macho, "Dada, hii taa vipi?" na Farida, mwanamke anayefunga Jumatatu na Alhamisi, ulimi haukumteleza hata kidogo, "Hiyo ilikuwaga inawaka toka enzi za marehemu, haina neno," na yule akasema haya dada, akafunga mlango, mwanawe Anwar kiti cha nyuma anapunga mkono... Hakutaka afe, Mungu shahidi, alichokiona kichwani ni Mwanabaraka kando ya barabara, baibui limelowa jasho, anahangaika na simu, basi, aonje kidogo, yeye aliyepewa Mfaume wa miaka ya mwisho, Mfaume aliyekwisha kujifunza kucheka, lakini lori je, lori alilisikia, fundi alilitamka waziwazi na yeye akaamua hakulisikia, na Anwar hukaa kiti cha nyuma, nyuma ndiko lori linakoingia, ya rabi, nyuma ndiko...

"Nifunge, Bi Farida?" Ngoja, ngoja kwanza, alijuaje, nani alimwambia alilete, na huenda ameuliza kwa sauti maana Nikodemu anajifuta mikono kwa kitambaa, haangalii usoni, "Alikuja mwenyewe, ile taa ilimtia wasiwasi. Akaniuliza kama wewe ulishakuja nayo. Nikamwambia ndio, nilishakueleza yote. Mie nilidhani mmeongea." Anakunja kitambaa. "Akasema nisikwambie." Pikipiki inapita, mtu anagonga bati mahali, Farida anashika ukingo wa boneti na chuma kinamuunguza, anaendelea kukishika... kwa hiyo tangu Jumanne alijua. Ijumaa hii alipolirudisha alikuwa anajua. Aliingia mpaka jikoni na samaki wake wa Kunduchi wamekwisha kuparuliwa magamba, akauliza habari za goti, akapakuliwa wali na Farida kwa mkono wake, akaula, akajua na akaula, akasifia nazi, na Farida akimtazama akiwaza huyu amenitegea kitu kwenye gari, mnafiki mkubwa, akiwaza hivyo huku anamwongezea mchuzi! Bora angekuja na fujo, amtukane mlangoni majirani watoke, matusi Farida anayaweza, angemrudishia moja kwa mawili, lakini hili analijibu na nini, na si samaki, si wali, kuna jingine, linakuja, hataki lije... Anwar. Anwar hakuondoka na mama yake. Yupo nyumbani sasa hivi, Temeke, amelala kwenye kitanda cha Farida, mdomo wazi, maana Mwanabaraka wakati anaaga alisema ana safari ya Lindi kumwona mama yake, atarudi baada ya wiki, akamsukuma mtoto kidogo mgongoni aende kwa mama mkubwa, akasema, "Kwako namwacha nikiwa na amani, dada," na Farida aliona ni mdomo tu, maneno ya kuagana...

"Nifunge?" anauliza tena Nikodemu, kifuniko mkononi, na Farida bado ameshika chuma cha boneti, Mwanabaraka alikuwa anajua, alimtazama machoni akijua, akamwachia mwanawe.