Meza ya Kumpokea Cleophus

Kaka yangu Cleophus alirudi kutoka hospitali Jumamosi, mguu wa kushoto kauacha huko. Kisukari. Daktari aliniambia wazi: "Asipobadili chakula, na wa kulia utakatwa." Nikaapa haukatwi mimi nikiwa hai.

Hata kiti chake cha magurudumu sijakigeuza vizuri, watu wa kanisa hao wanaingia. Kwetu hapa Mississippi mgonjwa haendewi mikono mitupu. Dada Arnetta alitangulia na pai ya viazi vitamu. Nyuma yake kuku wa kukaanga, makaroni yanayoogelea kwenye jibini, keki ya nazi; wakavipanga vyote mezani.

Watu wale wale! Kila Jumanne tunakaa pamoja ukumbini, kwenye darasa la watu wazima la kula vizuri na kufanya mazoezi. Arnetta ndiye hodari wa kunyoosha mkono, majibu yote anayo. Damu ilinichemka.

"Arnetta, Jumanne ulisemaje kuhusu pai?"

"Aa, Verlene, lile darasa bwana. Huyu mgonjwa!"

"Mgonjwa wa nini?"

Akaangalia dari.

Mlango ukagongwa. Alikuwa mwalimu wetu wa Jumanne, Shondra. Nikashusha pumzi.

"Mwalimu, hebu waambie hawa!"

Mkononi Shondra alikuwa na keki ya siagi, kaifunika kitambaa.

"Mama yangu angenikana nikija hivi hivi," akanong'ona.

Nilitamani kumfukuza. Mwalimu mzima!

Cleophus akacheka. "Dada, punguza ukali. Nikatie kipande, chembamba tu."

Nikashika kisu, nikaitazama ile meza. Kitambaa cha meza kile kile cheupe. Kuku pale pale katikati, pai ya Arnetta pembeni yake. Kisu kikanishinda.

"Meza hii naijua," nikasema. "Mlituandalia hii hii tulipotoka kumzika mama yetu. Naye alikuwa na kisukari. Huyu bado hajafa, jamani!"

Arnetta akaiinua pai yake, machozi yanamtoka. Shondra akairudisha keki yake kwenye gari.

Cleophus aliitazama keki ikienda, akameza mate. Kisha akakisukuma kiti mpaka mlangoni, akawashikia mlango.

"Kesho njooni, twende kanisani kwa miguu," akasema. "Na mikono iwe mitupu. Mkibeba vyakula, mimi nitasukumwa na nani?"