Waliokuwa Nje ya Postikadi

Usiku wa kuamkia leo niliota nagombana na postikadi kwenye dirisha la posta.

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa haki. Leo asubuhi kijiji kinakutana kuamua jina litakaloandikwa kwenye daraja letu la miguu, na ushahidi pekee ni postikadi hiyo ya zamani: mzungu mmoja kasimama katikati ya daraja, kofia kichwani, na chini yake maandishi, "Bwana Shauri na daraja lake." Bibi yangu, marehemu Nanzia, alibeba mawe ya daraja lile baba yangu akiwa tumboni mwake. Nilikuwa na uchungu hasa.

"Bibi yangu yuko wapi?" nauliza.

"Mimi naonyesha waliokuwepo," inajibu postikadi. "Nje ya ukingo wangu mweupe hakuna mtu."

"Kwa hiyo mawe yalijileta?"

"Kwa kumbukumbu zangu, ndiyo."

Twiga wa kwenye stempu anakohoa. "Mama, usijichoshe. Huyu anafuata sheria yake. Na wewe tafuta yako."

Dirisha la posta sasa ni mto, nami nimo ndani ya picha, nimelowa mpaka magotini. Mkononi nina baragumu. Nashukuru, maana kwetu Upare sheria ya msaragambo haina mjadala: baragumu likilia kuita watu kwenye kazi ya kijiji, anayelisikia anakuja. Nalipuliza mpaka mashavu yananiuma.

Wanakuja. Wanatokea nje ya ukingo mweupe, kushoto na kulia, akina mama sitini na watatu, kila mmoja na jiwe kichwani.

"Taratibu!" postikadi inapiga kelele. "Mnanitanua!"

"Tanuka," anasema bibi yangu. Ni binti wa miaka ishirini, tumbo mbele.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona umechelewa kutuita? Tumesimama hapo pembeni mpaka miguu imekufa ganzi."

Bwana Shauri anaeleza kwamba yeye yuko hapo kwa ajili ya kupigwa picha tu.

"Baragumu umelisikia?" bibi anamuuliza.

Anakiri kwamba amelisikia. Basi, sheria ni msumeno. Anavua kofia, anaazima kata ya majani makavu ya mgomba, anatwishwa jiwe. Analibeba vibaya, shingo imepinda, lakini analibeba. Vigelegele vinapanda mpaka mlimani, nami nalia kwa furaha bila kumwonea mtu haya.

Nikaamka jua limeshatoka, mkutano unakaribia kuanza. Sikupata hata nafasi ya kuitazama ile postikadi. Niliichukua mezani upesiupesi nikaisukuma kwenye bahasha ninayoitunzia tangu mwaka juzi.

Haikuingia. Ilizidi vidole vinne huku, vinne huku.

Nikaitupa bahasha kitandani, nikatoka kwenda mkutanoni nimeibeba postikadi kwa mikono miwili.