Maestro Hakuijua Theluji

Katika bonde moja la milima ya theluji, watu watatu walivuliwa kofia kwa heshima: padri, daktari na maestro. Maestro ni mwalimu wa shule ya msingi, na neno lake halikupingwa, sembuse na mwanamke kama Onorina aliyeishia darasa la tatu. Kila asubuhi alimfunga nywele binti yake Dosolina, wa miaka tisa, huku akimwambia lile lile: "Akishasema maestro, basi. Usimbishie."

Maestro Spadaro alikuwa kijana mpole kutoka kusini, kwenye joto na malimau. Theluji alikuwa ameiona majira mawili ya baridi tu.

Februari ile theluji ilianguka siku tatu mfululizo, kisha ukaja upepo wa vuguvugu. Onorina alikuwa anafua kwenye hodhi la kijiji, maestro akatokea na watoto kumi na mmoja, Dosolina akiwemo. Walikuwa wanakwenda kufanya mtihani kijiji cha chini.

"Tutapita njia ya juu," alisema. "Tutaokoa saa nzima."

Onorina akaacha kufua. Tangu usichana wake alishusha majani ya ng'ombe kwa sleji, kigari cha kuteleza kisicho na magurudumu, kwenye mteremko ulio juu ya njia hiyo. Theluji mpya ikikalia ya zamani iliyoganda, halafu ipigwe na upepo kama huo, huporomoka yote; chini yake hapiti hata mbuzi.

"Maestro, samahani..."

"Ndiyo, mama?"

Palmira, jirani yake, akaangua kicheko. "Ehe! Leo Onorina anamfundisha maestro! Haya profesa, tupe somo! Si wewe uliyekosea jina lako mwenyewe ukisaini kwa padri?"

Wanawake wengine hodhini wakacheka hadi sabuni ikawaponyoka. Maestro hakucheka. Alisimama anangoja. Onorina akaangalia mikono yake iliyowiva kwa baridi.

"Nilitaka kusema... mtoto hajafunga skafu vizuri."

Akamwinamia Dosolina. Mtoto akamnong'oneza, "Mama, theluji imelegea. Si wewe husema tupite chini?"

"Nyamaza! Unajua kuliko maestro? Nenda."

Dosolina akaenda.

Nguo zilikuwa bado hazijasuuzwa mlima uliponguruma. Onorina akazitupa. Alikimbia na viatu vyake vya mbao, vikamtoka, akaendelea na soksi.

Watoto wanane walirudi, na maestro aliyevunjika mkono. Watatu walitafutwa kwa fito ndefu, zikichomwa thelujini hatua kwa hatua. Dosolina alipatikana kesho yake mchana.

Baada ya mazishi maestro alikuja nyumbani. Onorina alimwekea kiti na ugali wa njano, maana hivyo ndivyo maestro anavyopokewa. Hakukaa. Kofia ilikuwa mkononi mwake.

"Mama, pale hodhini ulitaka kuniambia nini?"

"Tusipite juu. Yaani, msipite."

"Ulijua?"

"Nilijua."

Maestro akaanza kulia kama mtoto aliyepotea sokoni.

"Ungeniambia mama. Kwa nini hukuniambia?"

"Mimi ni nani, maestro? Darasa la tatu. Ungenisikiliza kweli?"

Onorina alimwomba kwa macho aseme hapana. Angesema hapana, Onorina angepata pa kushika. Angemlaumu yeye na elimu yake mpaka afe.

"Ningekusikiliza," alisema maestro. "Nilikuwa nimesimama nakungoja useme."

Ugali ulipoa mezani. Akina mama mnaoona haya mbele ya waliosoma, semeni. Wacheke watakaocheka. Onorina bado yu hai, na kila siku anasema peke yake jikoni, kwa sauti kubwa, maneno matano: "Maestro, msipite njia ya juu."