Karatasi ya Njano

Karatasi ya njano ilibandikwa ukutani juu ya kompyuta ya masjala, pembe zake zimeanza kujikunja. Iliandikwa neno moja na tarakimu nne, na kila mfanyakazi wa zahanati ile aliyafungua mafaili ya wagonjwa kwa neno hilohilo. Fundi wa kompyuta aliwahi kuibandua mara mbili. Mara zote karani, ambaye wenzake walimwita Mama Faili, aliirudisha kwa gundi zaidi.

"Hapa sote ni ndugu," alimwambia. "Tufichane nini?"

Asubuhi ya Jumatatu fundi alikuja bila utani wake wa kawaida. Akavuta kiti, akamgeuzia karani kioo cha kompyuta.

"Jana tulifunga. Nani alifungua faili hili saa saba mchana?"

Mama Faili alisoma jina. Lilikuwa faili la mdogo wake, aliyemkimbia mumewe akiwa na mimba ya miezi mitano na mkono uliovunjika. Karani mwenyewe ndiye aliyemwandikisha, akajaza anapojificha, hadi namba ya mlango, kwa sababu hakupenda fomu yenye pengo.

"Halikufunguliwa hapa," fundi alisema. "Mfumo huu unafunguka popote penye mtandao, ukiwa na neno la siri. Umempa mtu?"

"Sijampa mtu."

Fundi aliitazama karatasi kwa muda. "Mmepiga picha humu karibuni?"

Ijumaa walikuwa wamemuaga mkunga anayestaafu. Karani alitoa simu. Picha ilikuwa nzuri: keki, mkunga, yeye mwenyewe katikati anacheka, na nyuma ya kichwa chake karatasi ya njano, kila herufi inasomeka. Alikuwa ameiweka jana yake saa sita kwenye status ya WhatsApp, ambapo yeyote mwenye namba yake angeiona. Akafungua orodha ya walioitazama, na wa tatu alikuwa shemeji yake, yule mume aliyekimbiwa. Hakuwahi kuifuta namba ile. Ndoa ilikuwa haijavunjika rasmi, na kumfuta shemeji aliona ni kumvunjia heshima.

"Umependeza, shemeji," alikuwa ameandika. Naye akamjibu asante, na ua moja.

Alijichukia. Akampigia mdogo wake.

"Dada, ndiyo kwanza nilitaka kukupigia nikushukuru," mdogo wake alisema, sauti imejaa usingizi. "Ujumbe nimeupata."

"Ujumbe gani?"

"Huu wa zahanati. Kwamba nisihangaike kuja, muuguzi atapita nyumbani saa nne kunipima. Nikajua tu ni mipango yako."

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na dakika mbili.

"Nisikilize. Usimfungulie mtu yeyote."

"Mbona unanitisha? Subiri, nadhani ndiye huyo anabisha."

"Usifungue. Mdogo wangu, unanisikia?"

Alisikia simu ya upande wa pili ikiwekwa mezani, taratibu, kama kitu cha kurudiwa baada ya muda mfupi. Pembeni fundi alikuwa tayari ameshika simu ya ofisi, amewapata polisi.

"Wanauliza anaishi wapi," alisema.

Mama Faili alifungua kinywa, akataja mtaa, jengo, ghorofa, namba ya mlango, kwa mpangilio uleule alioujaza kwenye fomu. Sikioni mwake ndala ziliburuzwa sakafuni kuelekea mlangoni, bila haraka yoyote.