Vita vya Zamu ya Jumamosi

Raili Kuoppa hakuwa mtu wa kupiga watu risasi. Alikuwa mpishi mstaafu wa shule, mjane, mwanamke anayefuta maji ya viatu mlangoni kabla hayajapata nafasi ya kudondoka. Lakini tangu Krismasi alikuwa akijaribu kuua watu kila jioni baada ya kahawa, na, tuseme ukweli, alikuwa hajui kuua hata kidogo.

Gemu yenyewe aliwekewa na binti yake, Henna. Watu mia wanarushwa na ndege juu ya kisiwa, wanashuka kwa parachuti mikono mitupu, kila mmoja anaokota silaha atakayoikuta majumbani, na duara kubwa la buluu linazidi kuwabana mpaka abaki mtu mmoja. Ukichelewa ukabaki nje ya duara, uhai wako unapungua kidogo kidogo mpaka unakwisha. Henna alikuwa akifanya kazi Helsinki, na simu zao zilikuwa hujambo, sijambo, huko kumeanguka theluji, basi. Kwenye gemu angalau walipata la kuambiana, hata kama lenyewe lilikuwa, "Mama, lala chini!"

Mazungumzo ya kweli wawili hawa waliyafanya mahali pamoja tu, nako ni kwenye sauna, chumba cha kuogea mvuke. Ndivyo walivyozoea tangu Henna akiwa mdogo, kule kwenye nyumba ya zamani. Mnakaa juu ya ubao, mvuke unapanda, hakuna anayemtazama mwenzake usoni, na maneno yanatoka yenyewe. Sasa Raili alikuwa amehamia flati hii ya Hervanta, Tampere, ambako sauna ni moja, iko chini kabisa, na kila mwenye flati ana saa yake kwa wiki. Yake ilikuwa Alhamisi. Henna alikuja Jumamosi. Basi mtoto alikuwa anafika, anakaa kwenye sofa na simu yake, anakonda mbele ya macho ya mama yake, na Jumapili anapanda treni. Ana jambo huyu, Raili aliwaza, na kila treni ilipoondoka roho ilimuuma.

Mwezi wa nne mzee Lauri wa ghorofa ya kwanza akahamia nyumba ya wazee, na zamu yake ikabaki wazi. Zamu gani? Jumamosi, saa kumi na mbili jioni! Saa ambayo nchi nzima imevua nguo na iko saunani! Raili alituma maombi siku hiyohiyo. Na siku hiyohiyo akatuma maombi Taisto Sorsa wa ghorofa ya pili, fundi wa lifti, ambaye kwa miaka mingi alikuwa amemwambia Raili neno moja tu, "Moi," yaani hujambo, tena akitazama viatu.

Wote wawili walileta shauri lao siku ya kusafisha ua, watu wakiwa na reki zao na soseji zikiwa motoni. Mwenyekiti wa nyumba, Tuulikki, alikuwa amechoka.

"Kubalianeni wenyewe," alisema. "Mimi siingii."

"Mimi ninaye binti anayekuja Jumamosi," Raili alisema.

"Na mimi ninao mgongo unaokuja Jumamosi," Taisto akajibu, na watu wakacheka, kwa sababu hawakuwahi kusikia sentensi ndefu namna hiyo kutoka kwake.

Kura ya bahati waliikataa wote wawili, kila mmoja akiamini ana mkosi. Hapo Taisto, kwa kulewa kusikilizwa, akaropoka kwamba bahati haimsumbui mtu kama yeye, anayeshinda kisiwani akiwa peke yake dhidi ya watu mia.

Raili akaacha kutafuna. "Kisiwa kipi? Kile chenye kiwanda?"

"Unakijua?"

"Ninafia kule kila siku."

Loo! Umma mzima wa watu uligeuka. Na kabla soseji hazijaungua, ilishapitishwa: Jumapili ijayo, mchana, kwenye chumba cha mikutano cha nyumba, kompyuta mbili, mchezo mmoja. Atakayemzidi mwenzake kuishi, Jumamosi yake. Atakayetangulia kufa atachukua Alhamisi na kunyamaza.

Wiki hiyo Henna alimfundisha mama yake mpaka sauti ikamkauka.

"Mama, kwa nini umeshuka pale kwenye watu wote?"

"Niliona kuna nyumba nzuri."

"Kila mtu kaona kuna nyumba nzuri! Shuka pembeni, okota vitu vyako kwa amani. Sasa unafanya nini?"

"Ninapanga mkoba. Bandeji zimechanganyikana na risasi."

"Katikati ya uwanja? Mama! Panga ukiwa ndani, nyuma ya ukuta. Na usijaze bunduki kila ukifyatua moja, utakutwa unajaza. Na yule uliyemuua, usimkimbilie kwenda kumpekua papo hapo. Wenzake wanakungoja uiname."

"Ningemwacha tu pale? Na vitu vyote vile?"

"Mwache!"

Hayo yote Raili aliyameza, moja baada ya jingine, kama dawa chungu. Lakini kulikuwa na kosa moja lisilotibika. Akishaingia ndani ya jengo na kufunga mlango, hatoki. Anasikia hatua kwenye ngazi, anasimama nyuma ya mlango bila kupumua, anangoja zipite. Duara linakuja, linamkuta palepale, linamuua.

"Ulikuwa unangoja nini?" Henna alilia.

"Kulikuwa na mtu kwenye ngazi."

"Ndiyo sababu una bunduki, mama!"

Ni rahisi kwake kusema. Raili alilelewa vizuri. Mtu mwenye adabu akisikia jirani yuko kwenye ngazi, hafungui mlango akamlazimisha masikini kusalimia. Anaweka jicho kwenye kitundu, mkono kwenye kitasa, na anangoja. Amefanya hivyo maisha yake yote, na mkono ulishazoea.

Jumapili ikafika. Tuulikki alioka mikate ya iliki, kahawa ikachemshwa ndoo nzima, na wakazi walikaa kwenye viti vya kukunja wakiona vioo vyote viwili. Raili na Taisto walikaa wamepeana migongo, kila mmoja na hedifoni zake. Henna, ambaye wikendi hiyo hakuja, alikuwa amewafungulia mchezo kutoka Helsinki na kuwakaribisha wageni wa mtandaoni mpaka wakatimia mia. Kusaidia ilikuwa marufuku. Mtazamaji atakayefungua mdomo, atatoka nje.

Raili alishuka pembeni, kwenye kijiji cha nyumba tatu, kama alivyofundwa. Alipata bunduki, kofia ya chuma na bandeji. Vizuri. Kisha akatoka nje, na pale pale barabarani, mkono ukamponyoka, akaanza kupanga mkoba. Risasi ilimvua kofia. Alikimbia huku akipiga kelele za kweli, akajitupa mtaroni, akafyatua moja, akajaza, akafyatua moja, akajaza, na aliyekuwa akimwinda akagongwa na gari la mtu mwingine. Wakazi walishika vichwa. Mpaka leo Raili anadai ulikuwa mpango.

Taisto yeye alikuwa akiua kwa ustadi, hilo tusimnyime. Lakini alikuwa na ugonjwa mwingine. Akivaa hedifoni hajisikii anavyosema, na yule bwana wa neno moja akawa redio.

"Nipo kiwandani!" alitangaza. "Wawili wamelala. Oho, na ndege inadondosha sanduku! Sanduku langu lile!"

Sanduku la ndege lina silaha bora kuliko zote, na kila mwenye macho kisiwani analiona linavyoshuka na moshi wake mwekundu. Ndiyo maana wenye akili hulitazama kwa mbali wakiona wenye tamaa wanavyopukutika. Taisto alilikimbilia. Alichapwa kutoka pande tatu, akapoteza karibu uhai wote, akala kona akichechemea mpaka kwenye jengo la ghorofa lililokuwa jirani, akapanda ngazi, akaingia flati ya kushoto na kufunga mlango.

Flati ya kulia, kwenye ngazi hiyohiyo, alikuwamo Raili.

Chumba kizima kilivuta pumzi. Tuulikki aliweka kidole mdomoni. Kwenye kioo kimoja, mlango. Kwenye kioo cha pili, mlango. Katikati yake, mita mbili za sakafu. Kila mmoja alikuwa amesikia hatua za mwenzake, na kila mmoja alisimama kimya, bunduki mkononi, akingoja mwenzake apite zake. Jamani, hakuna aliyepita.

Duara likaja. Likapenya kuta kwa buluu yake, na uhai ukaanza kushuka pande zote mbili. Raili akafunga bandeji. Taisto akafunga bandeji.

"Watafia humo ndani kwa adabu," mzee mmoja alinong'ona, na akatolewa nje.

Hapo ndipo Taisto, akidhani anawaza kimoyomoyo, aliposema kwa sauti ya mtu anayeita lifti, "Kuna mtu kwenye ngazi. Ngoja apite kwanza."

Ilipenya hedifoni za Raili kama mwiko kwenye uji. Moyo ukampiga paa! Kumbe ni yeye. Kumbe yuko pale, nyuma ya mlango wa pili, na anafanya kile kile anachofanya yeye. Na Raili alijua jambo ambalo hakuna mchezaji mwingine duniani angelijua: maadamu kuna hatua kwenye ngazi, Taisto Sorsa hatafungua mlango ule. Hata aungue.

Lakini ili ziwepo hatua, lazima mtu atoke. Raili alitazama kitasa. Alimkumbuka Henna kwenye sofa, mabega yake yalivyochongoka, na akapiga moyo konde. Akafungua.

Hakuna kilichotokea. Alishuka ngazi kwa kishindo, tak, tak, tak, mpaka chini kabisa. Mtu mwingine angekimbia akaliwahi duara. Lakini Raili alisimama, na uso ukaanza kumchanua kitabasamu kibaya, kibaya kabisa. Akageuka. Akapanda vidaraja vitatu. Akashuka vitatu. Akapanda tena.

"Bado yupo," Taisto alinung'unika. "Anafanya nini huyu?"

Raili akameza dawa yake ya mwisho akaendelea kuzunguka, kama jirani anayesoma matangazo ubaoni, kisha akakumbuka barua, kisha akasahau ufunguo. Uhai wake ulikuwa unayeyuka. Wa Taisto ulikuwa unayeyuka haraka zaidi, maana bandeji zilishamwishia.

"Nenda basi, mtu wa Mungu!" Taisto alimsihi. "Nenda zako!"

Tak, tak, tak.

Taisto alikufa amesimama, pua mlangoni. Raili alimfuata muda si muda, akiwa kwenye kidaraja cha pili, na aliposikia makofi alidhani ameshindwa.

Taisto alivua hedifoni, akageuka na kiti chake.

"Ulikuwa wewe kwenye ngazi?"

"Ni mimi."

"Ulikuwa unafanya nini muda wote ule?"

"Nilikuwa napita, jirani."

Taisto alimtazama usoni, si kwenye viatu. Kisha mabega yakaanza kumcheza, akacheka mpaka akashika ule mgongo wake. "Alhamisi," alisema. "Nimeelewa." Akachukua mkate mmoja wa iliki wa njiani, akatoka. Wengine walibaki wakinywa kahawa kidogo zaidi, mpaka waliposikia mlango wake ukifungwa kule ghorofa ya pili.

Jumamosi Raili alishuka mapema. Alipiga deki, akaloweka fagio la matawi ya mbetula la kujichapia mvukeni, akazungushia soseji karatasi ya foili na kuziweka juu ya mawe ya moto. Saa kumi na mbili kamili walipanda kwenye ubao wa juu, mama na binti, uchi, wakitazama ukuta. Raili alimwaga maji. Mvuke ukawapanda masikioni. Akamwaga tena. Henna alikuwa kimya, na Raili akaogopa kuliko alivyoogopa kisiwani, maana kama hapa napo hakuna neno, basi hakuna pengine.

"Nimeachana na Jarkko," Henna alisema. "Tangu Januari."

"Januari!" Raili aligeuka akamtazama kabisa, jambo ambalo halifanywi. "Tumecheza kila jioni! Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, mama, huku tunapigwa risasi?"

Raili alitaka kucheka, akaacha. Alisogea mpaka bega likagusa bega, lilivyolowa vile vile, na Henna akaanza kusema. Alisema vibaya, bila mpangilio, kuhusu flati aliyokuwa akilala sakafuni, kuhusu paka aliyechukuliwa na Jarkko, kuhusu aibu ya kuonekana amerudi kwa mama na mabegi. Soseji ziliungua. Hakuna aliyezijali.

Alikuwa bado hajafika katikati pale mlango wa nje ulipogongwa. Saa moja. Zamu ya Tuulikki mwenyewe, na taulo zake, na mumewe.

Henna akafuta uso haraka, akanyanyuka. Raili, ambaye maisha yake yote hajawahi kula hata dakika moja ya sauna ya mtu, alimshika mkono akamketisha.

"Kuna watu, mama."

"Nawasikia," alisema Raili, akachota maji mengine akayamwaga juu ya mawe. "Waache wangoje. Endelea, mwanangu. Paka alichukuliwa lini?"