Pumzi ya Kutunga Uzi

Miaka thelathini nimeshika sindano ya kushonea nguo za watu, leo sindano inanijia mimi. Nililala kifudifudi kwenye kitanda cha mashine ya CT, ile inayopiga picha za ndani ya mwili, mgongo wazi, hasira zimenipanda. Wiki tatu nyuma daktari alijaribu kuchukua kinyama cha kupima kwenye uvimbe ulio sehemu ya chini ya pafu langu, akakosa. Maabara wakajibu: nyama nzuri tu, ugonjwa haumo. Leo tukikosa tena, itabidi nipasuliwe kifua, na kwa moyo wangu huu mbovu daktari hakunificha kwamba huenda nisiamke.

"Mama, vuta pumzi, shikilia," akasema dada wa picha kutoka nyuma ya kioo.

Nikavuta haswa. Mimi si mtu wa kufanya jambo nusunusu. Nilijaza kifua mpaka masikio yakavuma. Kitanda kikaingia, kikatoka, daktari akanichora alama mgongoni na kunichoma ganzi. Picha ya pili nikavuta zaidi, wajue nina nia.

Nikasikia wananong'ona. Dada wa picha akaja, akachuchumaa tukatazamana.

"Mama, unatuhamishia uvimbe. Kwenye picha ya pili uvimbe umeshuka karibu vidole viwili. Kila ukivuta, unavuta tofauti."

"Si mmesema nivute?"

"Tulisema uvute, hatukusema umeze chumba. Na picha za mara ile ya kwanza nimezitazama. Ni vilevile."

Lo! Kumbe sindano ile niliikwepa mwenyewe. Na wiki tatu nzima kila mteja wangu nimemwambia daktari yule hajui kulenga! Aibu ilinishika mpaka jasho likanitoka.

"Tunataka pumzi ndogo," akasema, "na kila mara iwe ileile. Ukishindwa, daktari hachomi."

Ileile. Sasa pumzi mtu anaipimaje? Nikajiona kwenye kiti changu, miwani puani, uzi kati ya vidole. Nikitunga uzi huwa sipumui. Navuta kidogo, nasimama, uzi ukipita ndipo naachia. Nimefanya hivyo tangu binti yangu hajazaliwa.

"Piga," nikasema. "Nikiinua kidole, ujue nimeshika."

Akapiga. Akapiga tena.

"Palepale," akasema. "Palepale, Mama!"

Sindano ikaingia kidogo kidogo, kila hatua na picha yake. Niliisikia ikisukuma kati ya mbavu. Kikohozi kikaanza kuniwasha kooni, nikakiambia moyoni: wewe leo hutoki. Nikavuta kidogo, nikainua kidole, nikawaza uzi na tundu lake basi. Ikalia *tak*, sindano imekata kinyama. Daktari akampa mtaalamu wa maabara, naye akakiinamia kwa darubini yake pale pembeni.

"Seli za uvimbe zimo," akasema mwishowe. "Zinatosha."

Nikakohoa kwa raha zangu zote.

Siku tisa baadaye daktari alituita mimi na binti yangu. Ni saratani, akasema, ila ni ile aina inayosikia vidonge, kwa hiyo kifua hakipasuliwi. Binti yangu akaangua kilio. Na mimi niliogopa, siwezi kudanganya. Lakini kwanza nilimwomba daktari msamaha kwa yote niliyomsema dukani. Akacheka.

"Kidonge cha kwanza nameza lini?" nikauliza.

"Hata leo."

Nikamkingia mkono palepale.