Siku ya Kumi na Tisa

"Andika sifuri," mume wangu, Ukasha, alisema kwa mara ya nne. "Watu wa Baleni wenyewe wamesema ni presha. Wewe unajua kuliko waliozika?"

"Najua, Baba Warda."

"Basi ukijua, nyamaza."

Ukasha alikuwa amesimama kati yangu na dirisha, kiganja chake juu ya kompyuta ya ofisi kana kwamba ningeitupa nje. Ilikuwa Alhamisi, saa tisa na robo alasiri. Mfumo wa kupokea taarifa ulikuwa unafungwa saa kumi kamili. Uani, binti yetu Warda alikuwa anakuna nazi. Nilisikia mbuzi ikikwaruza, ikinyamaza, ikikwaruza tena. Nyumba yetu ya Kilindoni haina dari, na maneno ya chumba kimoja huruka juu ya ukuta yakashukia kingine.

"Watu wanagongana kila siku na hakuna anayewahesabu," alisema.

"Ndiyo maana wameniajiri."

"Usinifanyie mzaha, Furaha."

Aliponiita kwa jina langu nilijua kwamba ameshaogopa. Mimi niliogopa tangu asubuhi.

Ni miaka miwili sasa. Watu bado huniuliza kazi yangu ilikuwa nini hasa, hata ikaniletea vile ndani ya nyumba. Ilikuwa kazi ya kawaida. Nina stashahada ya takwimu, na mradi mmoja wa usalama barabarani ulitaka mtu wa kuhesabu hapa kisiwani Mafia. Miji na visiwa kumi na viwili vya pwani, nchi nne, kipimo kimoja: kati ya watu laki moja, wangapi wameuawa na barabara mwaka huu? Kila mwezi unapeleka namba yako, na mwisho wa mwaka mnapangwa kwenye jedwali, aliye salama juu, aliye hatarini chini.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo hairuhusu ubishi. Mtu akifa ndani ya siku thelathini tangu ajali, kwa majeraha ya ajali ile, ni kifo cha barabarani. Afie hospitali, afie kwake, afie ng'ambo, hata kama nyumbani watasema alikuwa na homa. Kanuni hiyo niliifanyia mazoezi mbele ya familia yangu kabla ya kwenda kuifundisha kwa wengine. Warda alikaa kwenye mkeka, akajifanya mwanafunzi mtundu, akaniuliza, "Na akifa siku ya thelathini na moja, mwalimu?" Tulicheka.

Mwaka wa kwanza Mafia tulipata sifuri. Kwenye kikao cha Dar es Salaam nilisomwa jina, nikapigiwa makofi, nikapewa cheti chenye fremu. Nilikuwa nimeshona kitenge kipya, na nikiri kwamba nilitembea kwa kujisikia. Niliporudi kwenye kiti, mwenzangu Devotha, aliyetoka mji mmoja wa kusini, aliniinamia.

"Hongera, dada. Hivi mahututi wenu wanafia wapi?"

Nilianza kuwahesabu kichwani. Mahututi wetu hupandishwa ndege au boti kwenda bara. Wakifia huko, huko wanahesabiwa kuwa wageni ambao ajali yao si ya huko. Wengine hurudishwa, wakafia kwenye kitanda cha kamba nyumbani kwao, na wakazikwa kabla ya alasiri. Hakuna askari anayeitwa wala karatasi inayoandikwa. Tulikuwa na sifuri kwa sababu watu wetu walisafiri kwanza wakafa baadaye.

Cheti nilikiweka chini ya godoro.

Niliporudi kisiwani nilitafuta mtu anayewaona wafu wote, na kwa upande wa wanawake mtu huyo ni mwoshaji. Bi Mwanaharusi ameosha maiti za wanawake kuanzia Miburani hadi Baleni kwa zaidi ya miaka thelathini. Mara ya kwanza nilipomwendea alinikatalia hapo hapo mlangoni.

"Ninachokiona pale nakisitiri. Hata mwanangu simwambii. Wewe ni nani?"

Nilirudi mara tatu. Mara ya nne nilimwambia sitaki kusikia jeraha lilikuwa wapi wala likoje. Siku za ajali ninazo kwenye daftari langu, kutoka kwa polisi, na siku za mazishi kila mtu anazijua. Nilitaka neno moja tu: barabara, au si barabara. Alifikiri muda mrefu, akaenda kumuuliza shehe, akarudi.

"Neno moja," alisema. "Na usiniangalie usoni ninapolitaja."

Basi ndivyo tulivyofanya kazi. Kila mwisho wa mwezi nilikaa barazani kwake, tukitazama njia sote wawili, nikataja majina. "Si barabara. Si barabara. Si barabara." Mwaka wa pili Mafia ilishuka kwenye jedwali mpaka nafasi ya saba, na hakuna aliyenipigia makofi. Mratibu wetu, Costantine, alinipigia simu kuniuliza kama nimekosea kujaza.

Halafu ikaja ile Jumamosi.

Warda alikuwa amemaliza chuo cha ualimu na anasubiri ajira. Katika kusubiri alijitolea shule moja kule Baleni, akienda na kurudi, hata Jumamosi za masomo ya ziada, kwa pikipiki tuliyomnunulia. Asubuhi ile, kwenye kona iliyo kabla ya kijiji, kioo chake kilinasa mzigo wa makuti ya mwanamke mmoja aliyekuwa anatembea kandokando. Anayebeba makuti kichwani hasikii vizuri wala haoni ubavuni. Yanamfunika mpaka mabegani. Aliitwa Shamsa, mtu mzima wa miaka hamsini na ushei. Alianguka akapiga kichwa kwenye jiwe.

Warda alimpeleka hospitali mwenyewe kwa bajaji, akalala naye wodini usiku wa kwanza. Kwa polisi, Warda alieleza kwamba yule mama aliyumba na mzigo akaingia barabarani. Akatozwa faini, akasainishwa karatasi, ikaisha. Shamsa alishauriwa avuke bara akapimwe kichwa. Akakataa, akasema mihogo yake itaoza shambani na mtu hapandi ndege kwa ajili ya nundu. Siku ya kumi na tisa, Alhamisi, alianguka akiwa anaosha mchele. Kwa vile alikuwa na presha tangu zamani, ikasemwa presha. Ilikuwa rahisi kusema hivyo, na nadhani ilikuwa huruma pia.

Warda alipika msibani siku zote tatu. Alibeba maji, akaosha masufuria mpaka ngozi ya vidole ikajikunja. Siku ya tatu kaka wa marehemu, Mbaraka, aliniita pembeni.

"Mama Warda, sisi hatuna neno na mtoto wako. Tumemwona. Tusirudishane nyuma."

Nilimshukuru. Nilimshukuru kwa moyo wangu wote, na nilipofika nyumbani nilihesabu siku kwa vidole, mara mbili, nikitumaini kupata jibu jingine.

Jumatano iliyofuata, siku moja kabla ya ugomvi wetu, nilikaa barazani kwa Bi Mwanaharusi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Taja."

Nilitaja majina manne. Si barabara, yote manne. Kuku walipita mbele yetu wakichakura. Nilitaja la tano, la Shamsa.

Kwa mara ya kwanza tangu tuanze, ni yeye aliyegeuka akaniangalia usoni.

"Bora usingeniuliza huyu."

"Ni kazi, bibi."

"Barabara," alisema, akaingia ndani, akafunga mlango.

Kwa hiyo Alhamisi ile Ukasha alipokuwa ananisihi nisiandike, hakujua kwamba asubuhi nilikuwa nimeshaandika sifuri. Niliiandika saa mbili, nikainywea chai. Ilikaa vizuri kwenye kisanduku cha fomu. Costantine alipiga simu saa nne: "Mama Warda, ni Mafia tu wamebaki. Sifuri nayo ni jibu, mama, tuma tu twende." Nilimwambia natuma sasa hivi. Nikakaa. Saa sita nikaifuta, saa saba nikairudisha.

"Tuma hiyo, mwezi ujao urekebishe," Ukasha alisema sasa, kwa sauti ya chini, ya kupatana.

"Ikifungwa haifunguki."

"Namba haina jina! Nani atajua?"

"Kisiwa hiki? Kifo kimoja, Baleni, mwezi wa tatu. Mji wa watu milioni kifo kimoja hakionekani. Sisi kitatushusha nafasi nne, na askari wa trafiki anapata nakala. Atafungua jalada kabla ya Jumatatu."

"Unaona! Unajua kabisa utakachomfanyia mtoto!"

"Ungependa nisijue?"

Mbuzi ilikuwa imenyamaza kitambo. Nilipogeuka, Warda alikuwa mlangoni, mikono imejaa machicha ya nazi mpaka kwenye viwiko.

"Siku ya ngapi?" aliuliza.

Baba yake alisema, "Nenda kapike."

"Mama. Alikufa siku ya ngapi?"

"Ya kumi na tisa."

Niliona anavyoifanya ile hesabu, ingawa haikuwa na cha kuhesabu. Alijipangusa kwenye kanga, polepole, kidole kimoja kimoja.

"Presha alikuwa nayo zamani."

"Alikuwa nayo miaka kumi. Haikumuua."

"Nani amekwambia?"

"Siwezi kusema."

"Majina ya ajira yanatoka mwezi ujao, mama."

"Najua."

"Kwa hiyo unanifunga."

"Sijui kama watakufunga. Ninachojua ni kwamba kuna mwanamke amekufa barabarani na nimeulizwa wangapi."

Yalinitoka makavu kuliko nilivyotaka. Ndivyo nilivyo, mama yangu naye alikuwa hivyo. Warda aliegemea mwimo wa mlango. Nilidhani atalia. Hakulia, alikasirika, na hasira yake ilinipa nguvu kuliko machozi.

"Angekuwa mtoto wa mtu mwingine ungekaa hapa tangu asubuhi unatazama hiyo kompyuta?"

"Nisingekaa. Ningeshatuma saa mbili."

Ukasha aliketi. Nilimsikia akisema "Ya Rabi" na mgongo wa kiti ukilia. Baada ya siku ile alikaa miezi minne hasemi nami ila kwa mambo ya nyumba: mafuta ya taa yameisha, fundi wa bomba amekuja. Simlaumu. Alikuwa baba, akitafuta mlango wa kumtolea mwanawe, na mlango ulikuwepo, wazi, na hata wenye msiba walikuwa wameushika usijifunge.

Lakini nilikuwa nimekaa kwenye baraza nyingi mno. Nilikuwa nimewataja wanawake wa watu mmoja mmoja na kungoja neno. Kulikuwa na mama mmoja wa Miburani ambaye binti yake nilimwandika mwaka uliotangulia; dereva aliyemgonga akashitakiwa, na mama wa yule dereva hanisalimii sokoni mpaka leo. Kifo kile nilikiandika huku nakula muhogo, maana nilikuwa na haraka.

Saa kumi kasoro dakika ishirini nilivuta kompyuta kutoka chini ya kiganja cha Ukasha. Hakuikandamiza tena. Nilifuta sifuri. Niliandika moja. Kisanduku kilichofuata kiliuliza tarehe ya ajali, kingine tarehe ya kifo, na chenyewe kikajaza idadi ya siku. Cha mwisho kiliuliza kama nina uhakika.

Nilibonyeza.

"Chukua leseni yako," nilimwambia Warda. "Nawa mikono. Hatungoji waje kukuchukua hapa majirani wakitazama. Tunakwenda wenyewe."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Baba yako atapitia kwa Mbaraka, amwambie yeye kabla hajasikia kwa watu."

Ukasha alinitazama kama mtu anayetazama mvua ikiingia ndani. Kisha akainuka, akatafuta kofia yake, akatoka. Mpaka leo namheshimu kwa kutoka kule.

Tulikwenda kwa miguu. Warda alitangulia, kanga imefungwa vibaya, tonge la machicha limeganda kwenye kiwiko. Sikumwambia. Bodaboda mmoja alipunguza mwendo akapiga honi: "Twende, mama?" Tuliendelea kutembea.

Kituoni, Sajenti Valence wa trafiki alikuwa mezani anakunywa soda. Ni kijana mcheshi, mtu wa bara, tumezoeana kwa ajili ya daftari.

"Mama Takwimu! Leo umekuja na msaidizi?"

"Huyu ni binti yangu. Yule mama wa Baleni amefariki siku ya kumi na tisa. Ni majeraha ya ajali. Nimeshaituma namba."

Aliweka chupa chini. Alimtazama Warda, kisha akanitazama mimi, na ucheshi ukamtoka usoni. Alivuta benchi kwa mguu.

"Kaeni." Akafungua jalada, akatafuta ukurasa, akasoma kimoyomoyo. "Hapa ulieleza kwamba mwenda kwa miguu aliyumba na mzigo akaingia barabarani. Maelezo yako ni hayo hayo?"

Nilikuwa nimeshaanza kuitikia kwa kichwa. Nilikuwa nimeyasikia maelezo hayo mara nyingi, nyumbani, msibani, kwa watu. Nami mwenyewe nilikuwa nimeyarudia kwa Mbaraka.

"Hapana," Warda alisema.

Nilimgeukia. Alikuwa ameweka leseni juu ya meza, ameinyoosha kwa vidole viwili iwe sawasawa na ukingo.

"Yeye hakuyumba. Alikuwa pembeni kabisa. Nilikuwa nimechelewa darasani, nikaipita bajaji kwenye kona, nikatoka nje ya lami. Hata mama sijamwambia."

Sajenti alifungua kalamu. Aliuliza ilikuwa saa ngapi. Warda akamwambia, na mimi nikasogea kwenye benchi mpaka bega langu likagusa lake, nikasikiliza.